Kwa Nini Sikufika Jumamosi

Kitengela,
Jumatatu jioni.

Yeyo, mama yangu,

Nainamisha kichwa unishike, vile hunishika nikifika langoni. Nawe useme "takwenya", nami niitikie "iko" huku niliko. Goti lako linaendeleaje? Unapaka ile dawa niliyotuma ama imekaa tu juu ya kabati? Mvua imefika Kimana? Huku ni vumbi, na upepo wa Kitengela unaujua, unaingia hadi kwa sufuria. Mimi ni mzima, ila uchovu. Yeyo, nimechoka. Nimechoka hadi nikikaa kuvua viatu nasahau nilikuwa nafanya nini.

Nimeandika kwa sababu kwa simu tulipigiana kelele, ukakata. Ulisema Naserian alikaa langoni Jumamosi nzima na ile sweta ya kijani akiningoja, na kwamba mtoto halelewi na ahadi. Ukasema sasa nikuachie binti yangu kabisa, awe wako, vile wewe mwenyewe ulipewa koko, nyanya yako, ukiwa mdogo. Aanzie shule hapo, mimi niwe napita tu kumsalimia. Wacha nieleze kwanza kwa nini sikufika, halafu nitajibu.

Kazi yetu unaijua: tunapika dawa ya kuyeyusha rangi ya kucha, ile unasema inafanya nguo zangu zinuke peremende. Tunachanganya spiriti na asidi ya siki ndani ya tangi la chuma, tunapasha moto, na hizo mbili zinageuka kuwa dawa na maji. Shida ni kwamba haziendi upande mmoja. Dawa na maji nazo zinageuka tena kuwa spiriti na siki. Ndiyo maana tunaacha mvuke wa dawa upande juu, upite kwa mabomba yanayopozwa na maji baridi, tuukinge kando. Ikishatoka haina njia ya kurudi, na zilizobaki ndani zinaendelea kugeuka.

Sasa wiki jana boza, lile lori la maji, haikuja. Maji ya mfereji nayo, wacha tu. Bila maji hakuna kupoza. Njoroge, msimamizi wetu, alikuwa ameniahidi ruhusa mapipa yakijaa Ijumaa, na si mtu mbaya, alitaka niende. Akasema, "Nasieku, tufunge juu mvuke usitoke, tuongeze ile asidi kali ya kuchochea. Itaiva haraka, tusingoje boza." Nikakubali. Nguo zangu zilikuwa tayari kwa begi.

Na kweli iliharakisha! Kawaida ukifunga hivyo unangoja hadi kesho yake ndiyo ifike inapofika. Siku hiyo ilifika kabla ya chakula cha mchana. Njoroge akapiga makofi: "Leo unalala Kimana!" Nikapima tena baada ya chai, palepale. Nikapima jioni, palepale: theluthi mbili imegeuka, theluthi moja imekataa. Njoroge akaongeza asidi ingine. Wapi! Ile asidi inaharakisha kwenda, na inaharakisha kurudi vilevile. Inakufikisha upesi mahali ulikuwa utafika tu. Ukichungulia kwa kioo unaona kumetulia kama maziwa kwa kibuyu, lakini ndani hakuna kulala, zinazoenda ni nyingi sawa na zinazorudi. Kwa vitabu wanaita msawazo. Mchanganyiko wa namna hiyo hauwezi kujazwa kwa mapipa, mteja ataurudisha siku hiyohiyo, kwa hivyo ruhusa yangu ikaishia hapo.

Boza ilikuja Jumamosi mchana. Tukafungua juu, mvuke ukaanza kutoka, na kazi ikasonga. Nikasimama kwa bomba nikikinga, nikijua mtoto amekaa langoni. Nililia, Yeyo. Njoroge alidhani ni ule mvuke, akaniambia niende ninawe macho.

Hapo ndipo nikafikiria vile nimekuwa nikija huko. Nakuja mwisho wa mwezi, Naserian ananusa nguo zangu, anaficha uso, kesho yake ananipanda mgongoni. Halafu naondoka. Nikirudi ananiita Nasieku, kama mtu wa jirani, na wewe ndiye anakuita Yeyo. Nikija na peremende anacheka haraka. Nikija na viatu anacheka haraka zaidi. Lakini tangu aachishwe ziwa tuko palepale, yeye na mimi, na inaniuma sana.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, sikuachii. Usikasirike bado, sikiliza hadi mwisho. Kumleta hapa pia siwezi, atakaa na nani mchana kutwa? Na nikimtoa kwako nitakuwa nimekutoa roho. Basi wa kutoka ni mimi. Leo asubuhi nimemwambia Njoroge atafute mtu mwingine. Akaniuliza, "Na kitunguu cha huko Kimana kitakulisha?" Sijui, Yeyo. Naogopa.

Nisalimie Lemayian, kaka yangu anayekusomea hii, na mwambie asiruke pale nilipolia. Nisalimie Mama Wambui, jirani wetu mwenye shamba la nyanya. Aniwekee kibarua cha kuvuna, nitakihitaji mapema.

Nakuja Alhamisi na lori la vitunguu likirudi tupu. Safari hii usinichinjie kuku, na usitoe vikombe vya wageni. Naserian usimwambie kitu, asije akakaa langoni tena. Acha aamke tu anikute jikoni nikiwasha moto. Akiniita Nasieku, sawa. Aniite hivyo kesho, aniite hivyo kesho kutwa. Nitakuwa hapo kuitika.

Ni mimi mtoto wako, kichwa bado kimeinama,
Nasieku