Watu wa Kitaya Hawakuitwa

Chikongola, Mtwara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua simu siku hizi huisikii vizuri, kwa hiyo nimeona nikuandikie. Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi ya Njombe? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha, na sina wa kumsalimia "kamwene" kama huko nyumbani akaniitikia.

Uliniuliza ninafanya nini hasa katika ofisi hii ya kugawa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Ninashinda kwenye kompyuta. Wakulima wa vijiji vyote wamo katika jedwali moja, kila mtu na mstari wake. Zamu ya vijiji fulani ikifika, nashikilia kitufe cha Ctrl, nachagua mistari yao, kisha naendesha makro, yaani programu fupi inayowatumia ujumbe waje kuchukua. Niliikuta, aliiandika aliyenitangulia.

Wiki iliyopita nilichagua Kilambo, nikashuka nikachagua Kitaya. Katikati yao kuna vijiji ambavyo zamu yao bado. Makro ikaniandikia "Imekamilika", nikaendelea na mengine.

Wa Kilambo walikuja. Wa Kitaya hakuja hata mmoja. Mkuu wangu akasema, "Wale wamezoea kubembelezwa. Wameitwa, hawataki. Ijumaa salfa yao wapewe wengine." Kusema kweli, nami nilishaanza kuwaona wavivu. Lakini mikorosho imetoa maua, na bila salfa ugonjwa wa ubwiri unga unayakausha, msimu unakwisha hivyo hivyo. Roho ikakataa. Nikampigia Bi Somoe, mwenyekiti wa wakulima wa Kitaya.

"Bi Somoe, mbona hamkuja? Huku wanasema hamtaki."

"Kuja wapi, mwanangu? Sisi tunakodolea simu macho huku maua yanadondoka. Tukajua mwaka huu mmetuacha."

Nikaifungua makro. Baba, ukichagua mistari iliyoachana, kompyuta inaigawa katika mafungu, kama mafungu ya dagaa kwenye meza ya sokoni. Makro yetu iliuliza tu mistari ni mingapi, na kompyuta ikahesabu ya fungu la kwanza, basi. Haikulalamika wala kuonyesha kosa. Kitaya walikuwa fungu la pili. Nikaiandika upya ipite fungu kwa fungu, na ndani ya kila fungu mstari kwa mstari. Nilipomwonyesha mkuu, aliivuta skrini karibu akaisoma. "Kumbe hawakuitwa," akasema, na salfa ya Kitaya haikuguswa.

Nikawatumia ujumbe, wakaja Alhamisi. Maua ya kwanza ya baadhi ya mashamba yalikuwa yameshakauka. Bi Somoe alipokea mfuko wake bila kutabasamu. "Salfa tumeipata, ahsante," alisema. "Lakini mwanangu, kilichotuuma ni kusikia eti hatutaki."

Niliona aibu, na tangu siku hiyo namfikiria kaka Ezekia.

Baba, hakuja kumzika Shangazi, nawe umesema hutaki kumsikia tena. Juzi nilimuuliza Mama nani alimpa taarifa. Mama alidhani ni wewe. Wewe msibani ulidhani nimempigia mimi, nami sikukusahihisha kwa kuwa nilidhani Mama ameshampigia. Basi nikamtafuta kwa simu huko Kahama. "Nilisikia kwa watu," aliniambia. "Nikajua Baba hanitaki." Kisha akalia, Baba, mtu mzima yule.

Nisalimie Mama, mdogo wangu Eliza na wanafunzi wake, na jirani yetu Mzee Mgaya anayekunyoa. Mwambie asikukate tena sikio.

Humu ndani nimeweka bahasha nyingine, ina stempu na jina la Ezekia. Karatasi iliyomo sijaiandika kitu. Mimi nimeshaongea naye. Sasa anasubiri kuitwa na wewe.

Binti yako,
Upendo