Mahindi Uliyouza Kyuso kwa Jina Langu

Kwa kaka yangu Musyoka,

Natumaini wewe na wifi mu wazima, na mvua imewakumbuka huko Kasikeu. Mgongo wa mama yetu, Mwaitu, unaendeleaje? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaniuma, na wewe wajua sababu. Simu zangu hupokei tena, ndiyo maana naandika.

Kazi ya afya ya jamii huku Kyuso naipenda. Bi Zainabu, afisa anayenifundisha, haanzi na dawa, anaanza na ghala. Tunazamisha mkono hadi katikati ya gunia, maana kuvu hujificha ndani, na sumu yake huua ini. Nimelihubiri hilo kanisani na sokoni mpaka akina mama wananitania, "Mwikali wa Kuvu."

Juzi mtoto wa jirani yangu, Mama Kasyoka, aligeuka macho manjano, tumbo likafura. Tulimkimbiza hospitali, kisha tukarudi kuangalia chakula chao. Jikoni kulikuwa na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

"Mahindi ulitoa wapi?" nikamwuliza.

Akanishangaa. "Si ni ya kaka yako? Alikuja kutuuzia, akatuambia wewe ndio umepima, ati iko sawa."

Nilitoa simu palepale. Nilipokupigia, ulicheka. "Kwani iko nini? Tulikoboa, maganda ikatoka na kuvu yake. Si hata susu, nyanya yetu, alikuwa anafanya hivyo?"

Kaka, nilikueleza Krismasi, jikoni kwa Mwaitu, kwamba sumu huingia ndani ya punje na kukoboa hakuimalizi. Ukaitikia, "Ni kweli, dada." Uliitikia huku magunia yako stoo! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani methali hiyo ni ya ndugu za watu wengine.

Barazani Bi Zainabu aliuliza nani aliyeyaleta. Watu wote wakanitazama mimi. Nikataja jina lako na la baba. Magunia uliyouza huku tumeyazika. Mtoto bado yuko wodini na daktari hajatuahidi kitu. Mama yake nikibisha hodi hafungui, na simlaumu.

Nisalimie wifi, na mjomba mchungaji aniombee. Mwaitu mwambie nampenda, na asile chochote kutoka stoo yako.

Maafisa wa afya wa huko kwenu Makueni watakuja kwako wiki hii. Wafungulie. Ni mimi niliyewatuma.

Dada yako,
Mwikali