Mlango wa Kihenge cha Mwazye

Shikamoo Bibi,

Huku Mwazye baridi inang'ata, lakini nina furaha tele! Mama mwenyeji wangu alinituma nikachote ulezi wa uji ghalani. Mlango wa kihenge chake ni ubao ambao baba yake aliuokota Kasanga, jahazi la mizigo lilipozama ziwani. Nikafuta vumbi, kumbe umechongwa: MWAJUMA. Jina lako, Bibi! Babu alikuapia kuwa jahazi lake lililozama aliliita kwa jina lako, nawe ukamwita mwongo mpaka anazikwa.

Mama kanipa ubao, ila kwao mlango hautolewi kihenge kikiwa bado na ulezi. Basi nanywa uji asubuhi, mchana na jioni! Wewe ukienda kupalilia kaburi la Babu, anza kumwomba radhi.

Mjukuu wako, mwenye tumbo lililojaa,
Zuhura