Mbuzi Aliyekula Msamaha

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Leo chuoni kafika Bwana wa sinema. Mzungu mrefu, shingo nyekundu, kamera ndani ya sanduku la mbao. Serikali imempa gari, imempa filamu, haijampa cha kuchekesha. Basi amekuja kwetu! Wanafunzi wa ualimu kumi na wanane, kila mmoja alete wazo la kichekesho. Dakika tano tu, bila sauti. Litakaloshinda litapigwa picha huku huku mlimani, halafu gari la sinema lizunguke nalo. Wataanzia sokoni Masama. Kwetu!

Na mwenye wazo, akitaka, atachukuliwa kufanya kazi kwenye gari hilo. Mwalimu Aristides alipotafsiri maneno hayo moyo ulinienda mbio. Ualimu siupendi. Sijamwambia mtu, naandika hapa tu.

Sina wazo hata moja.

Jumatano, 4 Agosti

Nimewaza baiskeli isiyo na breki. Jamaa kapakia mikungu minne ya ndizi, anateremka Masama mpaka Moshi mjini, kila anayekutana naye anaruka mtaroni — padri, askari, bibi harusi. Nilicheka peke yangu. Kisha nikajiuliza nani ataipanda. Filemon, mchezaji wetu hodari, kasema mama yake hana mtoto mwingine. Na baiskeli pekee hapa ni ya mkuu wa chuo. Limekufa hilo.

Nikawaza mlevi wa mbege. Mkuu kapita nyuma yangu, kasoma, kasema pombe haitaonekana kwenye picha ya chuo chake. Na hilo limekufa.

Salehe ana lake. Yeye mtoto wa mjini, baba yake fundi cherehani pale karibu na soko. Bwana harusi kaletewa suruali ya mtu mnene, na shehe keshafika. Mashahidi wawili wanaishikilia suruali kiunoni huku ndoa inafungwa. Zuri! Zuri mno. Nimemwambia ni la kawaida. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 5 Agosti

Hakuna. Kichwa kikavu. Nimetafuna penseli mpaka haishikiki.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumesoma mawazo mbele ya Bwana. Langu: mtu anabeba viatu begani njia nzima ya kanisani, anavivaa mlangoni, akitoka anavivua. Nikangoja wacheke. Kimya! Nusu ya darasa walikuja chuoni hivyo hivyo. Mimi pia. Bwana akauliza kwa nini mtu asivae viatu vyake. Mwalimu akamweleza. Bwana akaandika kitu kwenye daftari lake, hakucheka.

Yeye mwenyewe anataka mkulima mjinga asiyepulizia kahawa dawa, mwishoni atumbukie kwenye pipa. Salehe akaninong'oneza kwamba kwenye picha za Bwana huyu kila mjinga ana shamba.

Suruali ya Salehe inaongoza. Mwalimu Aristides kaniita pembeni. Kasema langu halina mtu anayetaka kitu. Kichekesho, anasema, ni mtu anayetaka jambo kwa moyo wote, halafu kitu kidogo kabisa kinamharibia. Nimetembea na maneno hayo mchana kutwa. Mtu wa namna hiyo ninamjua. Afadhali nisingemjua.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimesema.

Nilimwita "mzee mmoja". Mzee mmoja aliifungulia migomba yake maji ya mfongo, mfereji wa ukoo, siku ya zamu ya kaka yake. Ugomvi mkubwa. Baadaye majuto yakamshika, akachuma jani la isale kama tufanyavyo huku tukiomba msamaha. Anayeletewa isale hawezi kukataa, hata kosa liwe la namna gani. Kaka alikuwa amekaa na wazee wa ukoo, wanangoja. Njiani mbuzi wa yule mzee akakata kamba, akamfuata nyuma, akawa analila jani kidogo kidogo. Mzee hana habari! Anarudia maneno yake kimoyomoyo. Akafika, akapiga goti, akanyosha mkono. Kijiti kitupu. Kaka akauliza, umeniletea mswaki?

Darasa zima lilianguka. Salehe alitoka machozi. Filemon akaanza pale pale kutembea kizee. Bwana, alipotafsiriwa, akapiga meza kwa kiganja, akasema ndilo hilo, ndilo hilo.

Kilichofuata sikukisema. Kwamba wazee walicheka, mzee akainuka akarudi kwake, na mwaka huu ni wa kumi na moja ndugu hao hawasalimiani, na vihamba vyao, mashamba ya nyumbani, vimepakana. Kwamba mzee huyo ni baba yangu. Kwamba nyumbani kwetu kisa hicho hakitajwi. Mama alinihadithia siku moja tukichambua kahawa, akaniapisha.

Nimeshinda. Walipocheka, nilicheka nao. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemwendea Mwalimu. Nikamwomba jani liwe kofia na mbuzi awe kuku. Kasema kuku hali kofia. Nikasema basi tuchukue suruali ya Salehe. Akanitazama sana, akauliza huyo mzee ni nani. Nikasema nimemtunga. Akasema vizuri, basi hakuna atakayeumia.

Ningeweza kusema pale pale! Mdomo nilishaufungua. Nikaliona lile gari la sinema uani, nikaufunga.

Bwana anataka mahali penye mfongo, ua wa masale, na njia inayopitika kwa gari. Filemon, asiye na hila hata kidogo, kamwambia kwa kina Yohana panafaa. Yohana ni mimi. Sikukataa. Mtu mbaya ni huyu anayeandika hapa.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimetoka nyumbani. Baba alikuwa anachuma kahawa upande wa chini. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba Jumatano wanakuja na kamera. Alivyofurahi! Akamwita mama aje asikie. Akauliza mchezo unahusu nini.

Nikasema mzee na mbuzi wake.

Akauliza mzee anafanya nini. Nikasema anatembea. Akacheka, akasema kumbe ada yote ile ni ya kufundishwa kutembea. Akaenda kumchagua mbuzi aliye safi.

Mama hakucheka. Aliniwekea bakuli la mtori, akanikazia macho mpaka nikatazama ukutani. Akanisindikiza hadi kwenye ua. Akasema, Yohana, umefanya nini wewe? Wala hakungoja jibu, alirudi ndani.

Najichukia. Nimeomba mvua Jumatano. Agosti! Mvua gani?

Jumatano, 18 Agosti

Naandika ndani ya stoo ya kahawa. Mlango nimeuegemea kwa mgongo.

Asubuhi kweupe kabisa. Kilele cha Kibo wazi, jua kali, watu wamejaa kando ya mfongo kama siku ya mnada. Hata baba mkubwa Rogath, mwenye zamu ile ya maji, katoka kwake, kasimama upande wake wa ua, mikono nyuma. Filemon kapakwa unga kichwani uwe mvi. Mbuzi akalikataa jani — akataka unga! Akamlamba Filemon kichwa kizima. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mara ya pili vile vile. Bwana akawaka, filamu inakwisha. Kisha akamnyoshea baba kidole. Mwenye mbuzi acheze mwenyewe.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo, hakuna aliyesikia.

Baba alishatoka na koti lake la kanisani. Filemon akampa jani la isale, akamweleza mchezo wote, kwa upole, asisahau kitu. Mbuzi anakula, mzee hana habari, watu wanangoja, kaka anauliza kuhusu mswaki. Nilikuwa namtazama baba akisikiliza. Uso wake haukubadilika. Aliitikia kwa kichwa kila baada ya maneno machache, kama anaelekezwa njia. Mimi hakunitazama. Akauliza jambo moja tu, aanzie wapi.

Kamera ikaanza kulia. Baba akatembea. Safari hii mbuzi kafuata vizuri, kanyosha shingo — na baba akalinyanyua jani juu ya kichwa chake. Bwana akapiga kelele, chini, shusha chini! Baba hakushusha. Akaiacha njia tuliyoichora kwa chokaa. Akavuka mfongo na viatu vyake, maji mpaka kwenye kifundo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua, kwa baba mkubwa. Akapiga goti kwenye tope. Akamnyoshea jani. Jani zima.

Mama kaziba mdomo kwa kanga.

Baba mkubwa akalitazama jani. Akaitazama kamera, bado inalia. Akalitazama jani tena. Nilimwona mkono ukitoka mgongoni, ukaishia njiani. Akauliza taratibu, lakini kila mtu alisikia:

"Eliezeri, hili ni la kweli au la picha?"

Baba hakugeuka. Akajibu:

"Mwulize Yohana. Yeye ndiye mtunzi."

Wakanigeukia wote. Bwana, Mwalimu, Salehe, mama, ukoo mzima. Nikakimbia! Miaka ishirini na nimekimbia kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikisema ni la kweli, wataniuliza Mzungu na kamera yake nimewaleta kufanya nini. Nikisema ni la picha, baba atainuka na tope magotini mbele ya watu wale wale, mara ya pili, na safari hii hakuna mbuzi wa kumlaumu.

Kamera imenyamaza. Kupitia ufa wa mbao nawaona. Baba bado kapiga goti, jani kalinyosha vile vile. Baba mkubwa hajapokea, wala hajaondoka. Wa kwanza kuniita alikuwa Bwana. Kisha Mwalimu. Sasa anayeniita ni baba mkubwa Rogath mwenyewe, na kutoka kwake sijasikia jina langu tangu nina miaka tisa. Anaita tena. Hana hasira. Anataka kujua tu —