Kucha Tatu za Pembe

Jumatatu, 18 Juni 1973

Miaka yangu sabini na sita. Wajerumani walikuja wakaondoka. Waingereza wakaja wakaondoka. Mimi nipo. Nimebaki hai baada ya njaa mbili, vita viwili, ndugu zangu wote wa tumbo moja, na wake wawili. Wa pili Kasinde. Amekufa Februari, mvua inanyesha. Sikulia. Hadi leo sijalia. Watu wanasema Mzee Mrisho mgumu. Waseme.

Daftari nimepewa kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu Anastazia kasema tuandike kidogo kila siku, mkono uzoee. Wenzangu wanaandika majina yao tu. Mimi naandika ukurasa.

Leo kama jana. Pembe ya ng'ombe imelala majini tangu alfajiri, ilainike. Mchana nimeichana kwa msumeno, vipande vyembamba. Nimekata kucha tatu. Ya kidole cha shahada, ya cha kati, ya cha pete. Mkono wa kulia. Ni za mjukuu wangu Tausi. Za kwake hazipo. Aliungua mwaka juzi. Alijikwaa jikoni.

Jumanne, 19 Juni

Niandike sababu, nisije nikasahau.

Tausi ana mchumba. Hamisi, fundi baiskeli, kijana mtulivu. Anajua vidole viliungua na hana neno. Mwenye neno ni shangazi yake, Bi Rukia wa Ujiji, ndiye aliyemlea. Bi Rukia akikataa hakuna ndoa. Anakuja kwa treni, Jumapili ya tarehe moja, kumwona mwali.

Kwao mwali huwanawisha wageni kabla ya kula. Si kumimina maji tu. Anatia mikono yake kwenye beseni, anaosha ya mgeni kidole kwa kidole. Hapo ndipo wanapomkagua.

Na huyu Bi Rukia alishamkataa binti mmoja kwa baka la shavuni. Akasema ukoma. Neno lilifika kila mahali treni inaposimama. Binti yule hajaolewa hadi leo.

Vidole vya Tausi vina makovu yanang'aa. Asiyejua atasema neno lile lile.

Tausi kasema, "Babu, tumwambie tu kwamba niliungua." Nimekataa. Ukianza kujieleza umeshashindwa. Mimi fundi. Vitana vyangu na mipini yangu ya visu imejaa Tabora, Kwihara, mpaka Urambo. Hakuna kisu changu kilichochomoka mpini. Nagandisha kwa ulimbo wangu mwenyewe: nta ya nyuki, utomvu wa mti, vumbi la kichuguu, vinachemka pamoja kwenye kopo. Kitu kinachoshika chuma kitashindwa kushika kidole?

Alhamisi, 21 Juni

Nimembandika Tausi kucha asubuhi. Kwanza nilijaribu kwenye dole gumba langu, nisimuunguze. Joto sikulisikia. Nikampa yeye apime.

Ya pete imetoka akiteka maji. Ya kati imetoka akiosha vyombo. Ya shahada hatukuiona. Mchana nikatafuna kitu kigumu kwenye ugali. Nikakitoa kinywani, nikakifuta, nikakitia mfukoni. Tausi kaniona. Kacheka mpaka kakaa chini. Muda mrefu sijasikia kicheko humu ndani. Sikujua nifanye nini. Nikaendelea kula.

Ijumaa, 22 Juni

Kosa nimelijua. Nilizing'arisha pande zote mbili kama kitana. Ulimbo hauna pa kushika. Leo nimezikwaruza ndani kwa mchanga, zimekuwa kama ulimi wa ng'ombe. Na kidole lazima kisiwe na mafuta. Tausi kasugua kwa majivu, kakausha juani.

Baada ya sala ya Ijumaa nimemuuliza shehe wa msikiti wetu. Kasema maji ya udhu lazima yafike kidoleni, kitu cha kubandika kinazuia. Kwa hiyo zisiwe za kukaa siku zote. Atie udhu, asali adhuhuri, ndipo abandike. Kabla ya alasiri abandue.

Kubandua nako nimepata njia. Ukivuta unachuna ngozi. Unatia mkono kwenye maji ya moto kiasi, unahesabu mpaka ishirini, ulimbo unalegea, ukucha unatoka wenyewe bila maumivu. Moto ndio unaoshikisha, moto ndio unaoachisha. Nani mwingine Tabora angefikiri hivyo? Hayupo.

Jumapili, 24 Juni

Mama Tatu kaja. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, mdomo wake hauna mlango. Kamkuta Tausi kaweka hina kwenye kucha juu ya ungo, zinakauka, na mkononi hazipo. Kashika kiuno.

"Mzee Mrisho! Makucha ya Ulaya nyumbani kwako? Na sisi kwenye mkutano tunakemea mawigi!"

"Ulaya gani? Ng'ombe wa Usukuma huyo."

"Basi na mimi nitengenezee. Nikwangulie masufuria."

Nimemwambia siri yote, kwa kuwa angeijua tu. Kaapa hatasema. Kasema siku ya wageni atakuja kusaidia kupika, maana Kasinde hayupo. Kalitaja jina kwa sauti ya chini, kaniangalia usoni. Alikuwa anatafuta kitu usoni. Hakikuwepo.

Hina imekamata. Pembe imekunywa rangi kama ukucha wa Mungu. Ukiweka na vile vidole viwili vyenye kucha zake, hutofautishi.

Jumanne, 26 Juni

Leo zimekaa tangu baada ya adhuhuri hadi alasiri inaingia. Kateka maji kisimani ndoo nne. Kafua kanga kwa sabuni ya mche. Kaosha sufuria la ugali. Hakuna iliyotikisika. Nimeita majirani waone halafu nikakumbuka ni siri. Nikawaambia nimeita kuwasalimu.

Masharti nimeyaandika ili Tausi asome, yeye anasoma kunishinda. Kidole kikavu. Ukwaruze pembe ndani. Ukibandika kandamiza mpaka uhesabu mia. Usiguse maji mpaka ulimbo upoe kabisa. Kamua nguo kwa viganja, si kwa ncha za vidole. Kwangua kwa mkono wa kushoto. Usifungue fundo kwa ukucha. Usijikune.

Tausi kasoma, kasema, "Babu, nikiolewa nitaishi hivi mpaka lini?"

Nimesema mpaka amzoee.

"Nani amzoee nani?"

Nikachukua msumeno. Nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 28 Juni

Baridi. Upepo wa kipupwe unapita chini ya mlango. Nimetoa koti la Kasinde sandukuni, nikalivaa. Linabana. Nilidhani nitasikia kitu nikilivaa. Nimesikia koti.

Tausi kasema akiulizwa hatasema uongo. Nimemwambia hataulizwa. Kasema, "Bibi alisema uongo kwa ajili yako miaka miwili." Hakupandisha sauti. Kachukua ndoo kaenda zake kisimani.

Kofi lingekuwa jepesi kuliko hilo. Lakini hata hilo limepita.

Jumamosi, 30 Juni

Kesho wageni. Kucha ziko tayari, nimetengeneza na tatu za akiba.

Huku juu niliandika kwamba Tausi alijikwaa. Si kweli. Ni daftari langu, hakuna anayesoma, basi niandike.

Siku ile nilikuwa nagandisha mipini. Kopo la ulimbo linachemka. Koleo silioni. Nikamwita Tausi ashike kopo kwenye kishikio chake cha bati, mimi nichovye. Akaomba kitambaa. Nikamwambia mikono ya ukoo huu haiogopi moto. Akaomba tena. Kasinde akasema, mpe mtoto kitambaa. Nikasema msinifundishe kazi. Tausi akashika. Likamchoma, akashtuka, ulimbo ukammwagikia vidoleni ukaganda palepale ukiwa moto.

Watu walipokuja nikasema alijikwaa. Kasinde kaniangalia. Kasema ndiyo, alijikwaa.

Basi.

Jumapili, 1 Julai

Naandika yote, hata ikichukua mpaka magharibi.

Treni ilichelewa. Bi Rukia kafika mchana, na Hamisi na mama mwingine mmoja wa kwao. Bi Rukia mwanamke mfupi, mnene, fimbo mkononi. Tausi alishasali na kubandika, ulimbo umeshapoa. Kapiga magoti kasema shikamoo. Bi Rukia kasema marahaba, jicho lipo mikononi. Kisha analalamika baridi. Behewani kulikuwa na upepo, magoti yanamuuma, vidole vimekaza.

Mama Tatu alikuwa jikoni. Alisikia. Ana roho nzuri yule.

Tausi kaja na beseni na birika. Mimi nimekaa mkekani mkabala. Kamimina. Nikaona mvuke.

Nilijua kabla yake. Mgeni anaumwa viungo, siku ya baridi, mwanamke gani atampelekea maji ya kisimani? Kila nyumba Tabora wangepasha. Mimi peke yangu sikufikiri. Siku zote nilipima kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya kunawa ni mambo ya jikoni, sijawahi kuuliza. Ningeweza kusema jambo. Ningeweza kumwaga beseni kwa mguu. Nilikaa.

Tausi katia mikono. Nimeona mabega yake yamesimama. Hakuitoa. Angeitoa angekuwa amemkosea adabu mgeni. Kaosha kidole kwa kidole kama inavyotakiwa, polepole, na mimi nahesabu moyoni. Ishirini ikapita.

Bi Rukia kainua mkono wake. Ukucha mwekundu umenata kiganjani kwake.

Kaugeuza. Kaangalia beseni, kumbe nyingine mbili ziko chini. Kashika mkono wa Tausi, kaona vidole.

"Hii nini?"

Hamisi kafungua mdomo. Bi Rukia kamnyamazisha kwa fimbo. Tausi kaniangalia mimi. Si kwa kuomba. Kaangalia tu.

Nikasema, "Pembe. Kazi yangu."

"Na vidole hivi?"

"Navyo kazi yangu."

Nikasema yote. Kopo, kitambaa, maneno yangu, uongo wangu. Nilisema kama mtu anayesoma orodha. Sauti haikutetemeka. Mama Tatu kasimama mlangoni na mwiko.

Bi Rukia kachomoa pini kwenye kanga. Kamwambia Tausi afumbe macho. Kachoma cha shahada.

"Aah!"

"Wapi?"

"Shahada."

Kachoma cha pete. Kachoma cha kati. Kila mara Tausi kataja. Bi Rukia kamwambia yule mama mwenzake, "Huyu hana ukoma. Mwenye ukoma hasikii pini." Kisha kanigeukia. "Mzee, lete na wako."

Nikampa. Kachoma dole gumba. Nikamwangalia. Kachoma zaidi. Damu imetoka kidogo. Nimeiona damu, pini sikuisikia.

"Huu si mkono, kwato hizi!"

Mama Tatu kacheka na mwiko mdomoni. Hata Hamisi. Mimi nimesema ni miaka sitini ya kazi. Bi Rukia kasema, "Sikukuuliza miaka."

Tumekula wali na nyama. Habari ya harusi hakuitaja. Wakati wa kuondoka kaufunga ule ukucha kwenye pindo la kanga. Sikuuliza wa nini. Tausi kaosha vyombo, vidole wazi, kwa maji ya moto.

Jumatatu, 2 Julai

Sina la kuandika. Nimenoa msumeno.

Alhamisi, 5 Julai

Hakuna habari. Nimetangaza mwenyewe aibu yangu, na huenda nimeharibu kwa kusema kama ambavyo ningeharibu kwa kunyamaza. Tausi anafua, anapika, ananisalimu. Haulizi. Kucha za akiba ziko ndani ya kopo. Hajazigusa.

Sijamwomba msamaha. Nilisema mbele za watu, nikaona yatosha. Labda haitoshi.

Jumatano, 11 Julai

Hamisi kaja mbio, baiskeli kaiangusha mlangoni. Shangazi yake kamtuma mtu wa treni. Maneno yenyewe haya, Hamisi kayarudia mara mbili: harusi iwe kabla ya Ramadhani. Bibi harusi aje na vidole vyake, asibandike kitu. Na mzee wa kwato amletee Bi Rukia kitana cha pembe, kwa sababu ule ukucha ameuloweka siku nane, kausugua na mchanga, kaupiga na jiwe, haujapasuka wala hina haijatoka.

Siku nane. Nilisema mimi. Pembe yangu haina kosa. Ni ulimbo tu.

Tausi kaingia ndani. Nimemsikia analia huko, au anacheka. Mama Tatu kapiga vigelegele mtaa mzima ukatoka. Mimi nimekaa. Nimejaribu kufurahi. Najua ni jambo la furaha. Nimetoka nje kutafuta pembe nzuri.

Ijumaa, 20 Julai

Kitana kimekwisha. Meno kumi na manane, hakuna lililopinda. Nimekitilia mpini wa mpingo.

Kugandisha mpini kulitaka mtu wa kushika kopo. Koleo lipo siku hizi, lakini limelegea. Tausi kaja bila kuitwa. Nikampa kitambaa kabla hajaomba. Kakikunja mara mbili, kashika. Nikachovya, nikakandamiza, nikahesabu mia. Yeye naye kahesabu, nimeona midomo. Kisha kaweka kopo chini, karudisha kitambaa mkononi mwangu. Kilikuwa na joto. Kidogo nimelisikia.

Atakayebisha haya amuulize Mama Tatu, balozi wa nyumba kumi, alikuwa mlangoni na mwiko. Amuulize Bi Rukia wa Ujiji, ukucha anao. Amuulize Hamisi. Ya siku ya kopo shahidi alikuwa Kasinde. Alikuwepo, aliona, hakunisema kwa mtu. Huyo haulizwi tena.