Papa, Asubuhi Zinaniogopesha

Papa yangu uliyelala mbali na kijiji chetu cha Kingi,

Ninakuandikia kutoka Walikale, kumekucha, mvua inapiga mabati. Nimeogopa kusimama haraka. Nimekaa kwanza pembeni ya kitanda, nikasema kwa sauti: "Mimi ni Mwamini, binti ya Papa Bahati." Maneno yametoka yote. Leo tena yametoka.

Unakumbuka siku ile tuking'oa maharagwe kwenye mteremko wa juu? Ulikuwa unanisimulia habari za harusi yako, mara maneno yakaanza kuvutika kama ya mlevi, mdomo ukaenda upande, na tita la maharagwe likakuponyoka mkononi. Nilipiga kelele hadi Mama akapanda mlima mbio. Kabla hatujapata watu wa kukubeba, ulikuwa umerudi sawa. Ukajifuta mate, ukasema, "Ni jua tu. Mutaacha lini kuogopa bure?" Tukacheka, kwa sababu wewe ulicheka.

Muuguzi wa kituo cha afya hakucheka. Alisema ni kiharusi kidogo, na kwamba kikubwa kinaweza kufuata. Akakupa dawa za presha. Ulikuwa unakwenda kupimwa mchana, ukitoka shambani, na kila mara ulirudi kifua mbele. "Iko muzuri!" ulitutangazia kutoka barabarani. Polepole vidonge ukaviacha, ukawa unameza siku kichwa kikiuma tu.

Kisha jirani yetu akafariki. Mchana tulikuwa na mazishi, basi nikakusindikiza kupimwa asubuhi, ukungu bado umefunika migomba. Muuguzi alipima, akahamishia kitambaa cha mashine ya presha mkono wa pili, akapima tena. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, si mashine.

"Papa, asubui tansiyo yako, hii presha, inapanda mubaya," alisema. "Mchana inashuka, njo maana tulikuwa tunajidanganya. Na watu wenye walishapata kiharusi, kuna wenye hata wakilala haishuke vizuri."

"Sasa mi niache kuamuka?"

"Amuka, lakini polepole. Kunywa dawa kila siku, hata kama hausikie kitu. Na mizigo ya asubui, waachie watoto."

Ulimtii, hilo ninalishuhudia. Ulimeza vidonge kila siku, na ulipoamka ulikaa kwanza, ukimngoja Mama akuletee uji.

Lakini vita havikungoja unywe uji. Risasi zilitukuta alfajiri, na wewe ambaye hukupaswa kubeba hata ndoo ulimfunga Riziki wangu mgongoni, mtoto mchanga, ukajitwika godoro kichwani, ukapanda kilima mbio mbele yetu sote.

"Papa, polepole!" nilikuita.

"Polepole wapi, mwanangu? Hausikie?"

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyaelewa. Tulipofika barabara ya kwenda Sake ulipiga magoti, ukamshusha mtoto taratibu kwenye majani, kisha ukalala upande. Safari hiyo mdomo haukurudi. Katika kambi ya wakimbizi, chini ya hema, ulinishika kidole kwa mkono uliobaki na nguvu, ukahangaika kuniambia jambo hadi jasho likakutoka. Ulikufa bila kulisema.

Sitakuficha, Papa: na mimi hali ile imenipata. Nilikuwa nashona sare za shule huku Walikale tulikohamia, kitambaa kikanitoka mkononi. Nilitaka kumwambia mteja "ngoja", ikatoka sauti isiyo neno lolote. Ikapita haraka. Nilitamani kusema ni jua tu, lakini siku hiyo hapakuwa na jua.

Hospitali wamenipa dawa, wakanifundisha kujipima asubuhi na jioni. Jioni mimi ni mtu kama wengine, napika, nacheka na majirani. Asubuhi, kitambaa kikianza kubana mkono, moyo unanienda mbio, na namba zikipanda sijui kama ni ugonjwa au ni woga wenyewe. Tena dawa zinafika kwa barabara ambayo inafungwa kila wanapopigana. Nikisikia malori yamekwama, mkono unatafuta kopo la vidonge.

Jana Riziki alinikuta nikisema jina langu peke yangu. Nikaona afadhali ajue. Nikamwambia akiona mdomo wangu umeenda upande, ama maneno hayaeleweki, akimbie amwite Mama Jeanne, jirani yetu, asingoje kwanza ipite. Alisikiliza, akayarudia yote vizuri bila kulia. Kisha akajigusa midomo yake.

"Mama, na mimi nikikuwa mukubwa, itanikamata?"

Mdomo wangu ulikuwa umenyooka, Papa, na maneno yote nilikuwa nayo. Lakini nilimvuta tu kifuani, nikamshika mpaka akasema namuumiza.

Pumzika, Papa. Watoto wanaamka, na bado sijajipima.

Mimi binti yako,
mama ya Riziki