Fisi Muonja Chumvi

3 Machi

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika kwa kusimama kutwa. Hujambo wewe? Macho bado yanaliona tundu la sindano? Nisalimie shangazi mdogo na mumewe, Bwana Mkubwa.

Bado niko kwa dobi, kaunta ya mbele, napokea nguo chafu na uongo msafi. Leo kaja mwanamume na shati lenye rangi ya mdomo kwenye kola. Kasema ni nyanya. Nikamwandikia "nyanya" kwenye risiti, kaondoka ameridhika. Watu wa huku hawana hadithi hata moja ya kumbembelezea mtoto. Wanasimulia bei za vitu, tena kwa kukariri. Ndiyo maana nikitoka kazini nakimbilia kwa wahenga, waliojua kunena.

Sasa habari yenyewe. Ile hadithi uliyokuwa ukitusimulia wakati wa likizo, ya Fisi mwenye nyumba anayepita jikoni kuonja chumvi, akaonja chungu hiki, akaonja kile, mpaka watoto wanabaki na mvuke, nimeiandika na kuipeleka redioni, kwenye kipindi cha hadithi za kale. Imekubaliwa. Mtangazaji, kijana mwenye sauti nene kuliko akili, kaniuliza ina umri gani. Nikamwambia karne nyingi. Itasomwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alasiri.

Mimi mwanao

11 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mgongo ukande kwa maji ya moto. Macho yangu yanaona, yanaona hata nisiyotaka. Shangazi yako mdogo ni mzima wa kutembea, mengine tumwachie Mungu.

Karne nyingi? Hadithi hiyo niliitunga mwenyewe, palepale jikoni, wewe ukiwa huna meno ya mbele. Unaliona doa kwenye shati la mtu baki, nawe ulikula kwetu kila likizo bila kumwona Bwana Mkubwa akiingia jikoni na kijiko chake mfukoni? "Nipisheni nionje chumvi." Chumvi iko kwenye mchuzi, yeye anaitafuta kwenye paja la kuku. Ningemsemaje mtu ambaye cherehani yangu imekaa kwenye chumba chake cha uani? Nikamvika manyoya, nikawasimulia nyinyi watoto, na shangazi yako mdogo akamenya vitunguu ili apate cha kusingizia machozi.

Jumamosi alasiri Bwana Mkubwa hufungua redio mpaka majirani wanafunga madirisha. Akijitambua, mimi na cherehani tutalala nje. Nenda ukaiondoe. Wala usinipigie simu. Nyumba hii simu ya mmoja husikilizwa na wote.

Shangazi yako

19 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo tena. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Mgongo umepata nafuu kwa maji ya moto, ahsante.

Sikwenda kuiondoa, na sitakwenda. Hadithi ikishatoka mdomoni si ya mwenye mdomo tena, hilo ulinifundisha wewe. Tena usimwogope bure. Watu kama yeye nawahudumia kila siku. Mtu anayetafuta chumvi kwenye paja la kuku hajijui hata umchoree picha yake na kuibandika mlangoni. Atacheka, atalala.

Hizo karne nyingi nimemwachia mtangazaji vilevile. Anazipenda kuliko mimi.

Mwanao

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Hadithi ilisomwa, nikaisikilizia kaunta, mteja akanisubiri na suruali mkononi. Sasa napekua barua za duka kila asubuhi na yako haimo. Hata ya kunitukana naipokea.

Mwanao

26 Aprili

Kwako mwandishi,

Marahaba. Barua yako ilipelekwa kule nisikokaa tena, imenifikia jana. Sisi ni wazima.

Bwana Mkubwa aliisikiliza sebuleni, na wageni wawili. Alicheka mpaka akajipiga mapaja. "Fisi huyu namjua," akasema. "Ni yule fundi bomba wa hapo mbele." Ulisema kweli, hakujiona. Nikashusha pumzi, dharau yangu kwako ikapungua kidogo.

Ndipo shangazi yako mdogo, aliyekuwa analeta chai, akaweka sinia mezani, akasema kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni:

"Ni wewe, baba watoto."

"Mimi nani?"

"Wewe fisi. Kijiko kimo kwenye mfuko wa shati."

Mgeni mmoja akauangalia mfuko. Kilikuwemo.

Kesho yake cherehani ilikuwa nje ya mlango, kama nilivyokuambia. Ambacho sikukijua ni kwamba mdogo wangu angekuwa amekaa pembeni yake, sufuria zote amezitia guniani, ananiuliza mbona nachelewa. Tumepanga chumba kimoja juu ya kinyozi. Wateja wangu wanapanda ngazi wakilalamika, ila wanapanda.

Usije ukajipamba kwamba umetuokoa. Ulitutosa ili usikike redioni. Kwamba tulijua kuogelea, hilo halikuwa shauri lako.

Jioni mdogo wangu anapika huku akisimulia, yeye ambaye hakuwahi kusimulia lolote. Watoto wa kinyozi wanajaa mlangoni. Hana sungura, hana fisi. Anamtaja mumewe kwa jina lake kamili, na kila alichokula. Nikamwambia hadithi haisimuliwi hivyo, mtu huvikwa manyoya kwanza. Akaendelea kukoroga.

"Manyoya ya nini," akasema, "na mimi sina ninachokihofia?"

Shangazi yako